Mabishano ya Sinema Ndandalo



Wengi wenu mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita, baada ya hotuba na chakula, meza moja ilikataa kuondoka. Mwenyekiti alidhani tunajadili michango. La hasha. Tulikuwa tukibishana kama Van Damme angeweza kumpiga Schwarzenegger bila silaha. Mwenzetu mmoja ambaye sasa ni daktari, na ambaye nywele zake zimebaki chache kuliko zangu, aligonga meza hata soda zikamwagika. Kesho yake wahariri wa jarida hili wakaniambia, “Wewe ndiwe uliyesoma historia Chuo Kikuu. Hebu tuandikie ubishi huu ulianza wapi.” Nilicheka, kisha nikaona kwamba swali lenyewe si la kuchekwa. Tumekwisha andika katika kurasa hizi historia ya michezo, ya kwaya na ya shamba la shule. Jambo tulilolifanya kila Jumatatu asubuhi kabla ya kengele hatujaliandika hata mstari mmoja.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Serikali ya kikoloni ilileta sinema vijijini kwa nia ya kufundisha kuliko kuburudisha. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umekwisha tengeneza filamu 35, na lori lake la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda Colonial Film Unit. Kiongozi wake, William Sellers, alishika imani kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha inayokwenda mbio au yenye hila za kamera. Kwa hiyo atengenezewe picha za polepole, na kando ya shuka nyeupe asimame mtu wa kumweleza kwa lugha yake kila anachokiona. Natamani Bwana Sellers angefika Ndandalo mwaka 1999.

Ila tusiwacheke mno watu wa zama zile, maana yule mtu wa kando ya shuka nitamrudia baadaye. Tena katika filamu za serikali za mwanzo wa miaka ya 1950 ndimo alimotokea mcheza sinema wetu wa kwanza mwenye jina, kijana mtumishi wa serikali aliyecheza katika “Muhogo Mchungu” ya mwaka 1952. Kijana huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 na tena kuanzia 1972 hadi 1977. Nimewahi kuwaambia vijana ofisini kwangu habari hii, wakadhani natania.

Lakini wazee wetu wa Kyela hawakulingoja lori la serikali. Tangu kabla ya vita vya pili vijana wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika hadi Johannesburg. Huko Kusini na kwenye shaba wenye migodi walikuwa wakiwaonyesha wafanyakazi sinema ndani ya kambi zao, hasa zile za wachunga ng'ombe wa Marekani wenye kofia pana na bastola. Kwenye migodi ya shaba kila shujaa wa picha hizo aliitwa “Jack”, awe nani awe nani. Hivyo mtu aliporudi nyumbani na sanduku lake la bati, blanketi na baiskeli, alirudi pia na Jack. Alimsimulia jioni, na waliokaa naye wakamuuliza na kumpinga, ijapokuwa hawakupata kuona hata kivuli cha picha hiyo.

Kwa watu wengine kubishana juu ya kitu usichokiona ni upuuzi. Kwetu ulikuwa na mahali pake. Wataalamu wawili, Godfrey na Monica Wilson, walikaa kwetu kati ya miaka 1934 na 1938, wakati Kyela ikiwa ingali sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Waliukuta utaratibu wetu wa zamani ambao mvulana akifika umri wa miaka kumi hivi huondoka kulala kwa wazazi, akajenga vibanda na wenzake wa rika lake, na rika hilo ndilo huja kuwa kijiji. Monica aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1951, na nguzo ya kitabu hicho ni neno letu moja: ukwangala. Ukwangala si kukaa tu pamoja. Ni kufurahiana na wenzako, kula nao, na zaidi ya yote kuzungumza nao, kwa kuwa wazee walishikilia kwamba akili hupatikana kwa kubishana na rika lako. Mtu anayekula peke yake na kunyamaza peke yake alitiliwa mashaka. Nilipoyasoma hayo Mlimani, katika maktaba, mwaka 2004, nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Nililikumbuka bweni letu.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Majumba ya sinema yalikuwa ya miji mikubwa. Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za video zikaanza kuingia, na kanda zikapanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kutoka Mbeya zikateremka Tukuyu, na mwisho zikafika kwetu zikiwa zimechoka, picha ikicheza na kutoa mvua. Banda nililolijua mimi Ndandalo lilikuwa la mabanzi, lina televisheni moja ya inchi ishirini na moja, mabenchi ya mbao za miembe, na jenereta nyuma iliyofungwa mbali kidogo kwa ajili ya kelele. Watu wameyapa mabanda hayo jina la “vibanda umiza”, na mtu aliyepata kukaa humo mwezi wa Februari, joto la Kyela likiwa limeshikana na moshi wa jenereta, haulizi kwa nini.

Mbele ya televisheni alikaa mfasiri. Huyu ndiye mjukuu wa yule mtu wa kando ya shuka, ila yeye hakutumwa na serikali. Wetu alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na Kiingereza chake, nasema hivi kwa heshima zote, kilikuwa kama changu cha Kichina. Hata hivyo alikuwa na sauti na alikuwa na akili. Aliwapa watu wa Hong Kong majina ya Kinyakyusa. Wabaya wakipanga njama aliwafanya wazungumzie bei ya mchele. Baadaye Dar es Salaam walitokea wafasiri waliorekodi sauti zao ndani ya kanda zenyewe, maarufu kuliko wote akiwa marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na kanda zake zilifika hata huku. Wako wanaosema wafasiri hao waliharibu picha. Mimi nasema wao ndio waliotupa ubishi. Mtu aliyejua Kiingereza kidogo alitoka bandani akisema, “Yule hakusema vile!” Mwenzake akajibu, “Basi alisema nini?” Hapo safari ya kurudi bwenini ilikuwa imekwisha pata mazungumzo.

Sheria yetu kuu katika ubishi ilikuwa moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atachomwa, lakini hafi. Ukitaka kumjua steringi ni nani, ngoja mwisho, umtazame aliyebaki amesimama. Kwa kipimo hicho tulizipima Commando, Bloodsport na picha zote za Kichina, na kipimo hakikutuangusha.

Ndipo ikaja Titanic. Picha hiyo ya James Cameron ilitoka Marekani Desemba 1997. Kwetu ilifika mwaka 1999, nikiwa kidato cha tatu, katika kanda mbili kwa urefu wake, na mwenye banda akatoza kiingilio mara mbili. Mwisho wa kanda ya pili Jack akafa. Banda zima lilinyamaza. Mfasiri naye alinyamaza, kisha akasema polepole, “Ngojeni, ataibuka.” Hakuibuka.

Ndugu zangu, mliokuwapo mnakumbuka wiki ile. Kundi moja lilisema sheria haijavunjika: aliyebaki ni Rose, basi Rose ndiye steringi. Hapo palitokea kelele kubwa, kwa kuwa hakuna aliyepata kusikia steringi mwanamke katika picha ya wanaume wengi kiasi kile. Kundi la pili, nami nikiwamo, tulisema Jack aliuawa kwa uzembe. Kile kipande cha mlango alicholalia Rose kiliwatosha wote wawili, na aliyetengeneza picha alitaka tu tulie. Kundi la tatu lilikuwa la watu wa ziwani, wa Matema na Itungi na vijiji vya ufukweni, nao walitucheka wote. Mwenzetu mmoja wa huko, ambaye ndiye aliyekuwa msimuliaji wetu mkuu wa picha, alisimama juu ya kitanda akatufundisha. “Ninyi mnapima nafasi,” alisema. “Maji hayapimi nafasi, yanapima uzito. Mtumbwi ukipinduka hupandi juu yake. Unaushika ubavuni, wewe huku na mwenzako kule. Mkipanda wote wawili, wote mnazama.”

Mtu akauliza, basi mbona Jack aliushika ubavuni, na akafa vilevile? Huyu mwenzetu hakuwa na jibu, maana kwetu maji ya ziwa hayaui kwa baridi. Tulimpelekea mwalimu wa fizikia. Mwalimu, ambaye nadhani naye alikuwa ameiona ingawa hakukiri, alituchorea ubaoni kwamba maji ya chumvi hayagandi kwenye sifuri, kwa hiyo bahari ile usiku wa Aprili 1912 iliweza kufika nyuzi mbili chini ya sifuri na bado ikawa maji. Sijapata kusahau somo lile. Tena mabishano yetu hayakuwa ya kitoto kama tulivyoambiwa: mwaka 2023 Cameron mwenyewe alionyesha majaribio aliyoyafanya na wataalamu, watu wawili ndani ya maji baridi na kipande cha mfano wa ule mlango, na akakubali kwamba katika hali fulani huenda Jack angeliishi hadi kuokolewa. Ilimchukua miaka ishirini na mitano kufika bweni letu.

Lakini usiku ule mazungumzo yaligeuka. Wakati huo Mv Bukoba ilikuwa na miaka mitatu tu tangu izame karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, ikiwa na watu zaidi ya 800 waliopotea. Mtu aliitaja, na kicheko kikaisha. Ndipo yule mwenzetu wa ziwani akasema kwamba hata ziwa letu lina Titanic yake. Akasimulia habari aliyoisikia kwa babu yake, ya meli kubwa mpya iliyozama upande wa Nyasaland zamani za Mwingereza, na jinsi watu wa ufukweni walivyokaa siku nyingi wakiyatazama maji. Hatukumsadiki. Wengine walisema ameitunga kwa kuiga picha. Mimi nilimwambia waziwazi, “Kama ingekuwa kweli, ingekuwamo kitabuni.”

Ilikuwa kweli. Niliikuta Mlimani miaka mitano baadaye. Meli iliitwa Vipya. Ilizama kaskazini mwa Ziwa Nyasa tarehe 30 Julai 1946, ikiwa changa kabisa katika kazi, na watu 145 wakafa. Katika vitabu vyetu vya shule haikuwamo, wala katika mtihani. Ilikuwamo katika kichwa cha mzee mmoja wa ufukweni, na ikatoka kwa sababu mjukuu wake alilipa kiingilio kumwona Jack.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wachache wenu wanalijua. Wiki mbili baada ya usiku ule, uongozi uliwataka viranja wa mabweni waandike majina ya wanaotoroka kwenda video. Nilikuwa kiranja. Niliandika majina tisa, na la yule mwenzetu lilikuwa la tatu. Langu halikuwamo, ingawa Titanic niliiona nikiwa nimekaa benchi moja naye, na senti za kiingilio changu nilimkopa yeye. Wanane walichapwa na kufyeka majani. Yeye, kwa kuwa alikuwa amekamatwa kabla, alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Mzazi hakuja, na yeye hakurudi. Sikumwandikia barua. Nilijiambia kwamba nilitii agizo, na katika utumishi wa serikali nimewasikia watu wengi wakijiambia hivyo.

Kazi yangu imenifikisha mara kadhaa katika vikao vya wilaya, si wilaya yetu, vya kushughulikia mabanda ya video kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Tuliuliza juu ya choo, mlango wa dharura, umri wa watazamaji na leseni. Yote hayo ni ya haki, na nimeona mabanda yaliyostahili kufungwa. Hakuna kikao hata kimoja nilichokaa ambacho mtu aliuliza vijana wanazungumza nini wakitoka. Nami sikuuliza, ingawa nilijua.

Nitaje kisa kimoja kingine, kwa kuwa kinahusu lugha yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu zetu wenyewe za Kiswahili zilipoanza kushamiri, Mussa Banzi alitoa picha ya kutisha aliyoiita “Nsyuka”. Nilikuwa likizoni ilipofika kwetu. Fikirini: picha kutoka Dar es Salaam, ina jina la Kinyakyusa! Banda lilijaa hadi nje. Vijana walitoka wakitetemeka na kufurahi. Kesho yake, kwenye kivuli cha mwembe, mzee mmoja wa kanisa aliwakuta wakibishana kama nsyuka huuawa kwa moto au kwa maombi, naye akakasirika. Aliwaambia kwamba kusyuka ni kufufuka, na abasyuka ni wazee wetu waliotangulia, waliokuwa wakiombwa mvua na uzazi. Hao hawanyonyi damu ya mtu. “Mnamkimbia babu yenu,” alisema. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, “Tata, lakini kanisani mlitukataza kumwita.” Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akavuta kigoda akaketi. Walizungumza mpaka jua likazama, na sidhani kama kuna mkutano wa hadhara uliopata kuitishwa juu ya jambo hilo.

Siku hizi mabanda yaliyobaki yanaishi kwa mpira wa Ulaya, na picha kila mtu anaitazama peke yake katika simu. Sipendi kulalamika, binti yangu hubishana juu ya filamu na watu walioko Mwanza na Nairobi ambao hajapata kuwaona, na hoja zake ni kali kuliko zetu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ndandalo kwenye msiba. Usiku, kwenye moto wa wanaume, mtu wa makamo aliyekaa mkabala nami alikuwa akiwasimulia vijana picha fulani ya kivita, kwa mikono na kwa sauti zote, risasi na helikopta. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Ana mashamba ya mpunga na kakao, na mtumbwi. Vijana walipokwenda kulala nilisogea karibu naye. Nilianza kumwambia habari ya yale majina tisa, na kwamba Vipya nimeisoma, na kwamba babu yake alisema kweli. Aliniacha nimalize yote. Kisha akachochea moto.

“Majina nilijua siku ileile, bwana kiranja,” alisema. “Babu naye sikuwahi kumtilia shaka. Ila wewe ulikuwa unasema ule mlango uliwatosha wote wawili. Bado unasema hivyo?”